Kuisoma Biashara Ndogo kama Mfumo: Mwongozo kwa Wenye Karakana na Maduka wa Dar es Salaam

Mwenye biashara anayeona mauzo yanapanda huku kwenye droo hakuna hela, mara nyingi huanza kwa kutafuta mwizi. Wakati mwingine mwizi yupo kweli. Lakini katika biashara nyingi za jiji hili zenye watu watano, kumi au arobaini, hela hiyo haikuibiwa na mtu yeyote, imelala. Imelala ndani ya mbao zilizonunuliwa na hazijakatwa, ndani ya mzigo ulioko stoo, ndani ya daftari la mali kauli, au ndani ya ankara iliyopelekwa kwenye taasisi kubwa ikaambiwa isubiri. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma biashara kama mfumo, yaani kuangalia jinsi sehemu zake zinavyosukumana, ili mwenyewe aweze kujua kazi na hela zinalala wapi, ni nini kinachozilaza, na akigusa wapi mambo mengine yatabadilika.

Sera ya taifa ya mwaka 2003 kuhusu biashara ndogo na za kati iliziweka biashara katika madaraja: ndogo ni ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji wa shilingi milioni 5 hadi 200, na ya kati ni yenye wafanyakazi 50 hadi 99 na mtaji usiozidi milioni 800. Madaraja hayo yana kazi yake, lakini yasimfanye mtu aamini kwamba kilicho kidogo ni rahisi kukielewa. Hata biashara ya watu wanane ni mfumo changamani, kwa sababu kila mmoja anaamua kwa kuangalia kile anachokiona mbele yake, uamuzi wake unamgusa mwenzake, na matokeo yanamrudia yeye mwenyewe baada ya wiki kadhaa kwa sura ambayo hawezi kuihusisha na alichokifanya. Kila mtu anaweza kuwa anafanya kazi yake vizuri, na biashara nzima ikaendelea kuzama.

Nitatumia mfano mmoja na kukaa nao kwa muda mrefu: karakana ya sofa iliyopo Keko, pale ambapo mafundi samani wamejipanga kando ya barabara na mbao za Mafinga zinashushwa kutoka kwenye malori. Karakana yenyewe ni ya kubuni na mahesabu yake nimeyarahisisha, ila mwendo wake ni ule ambao yeyote aliyewahi kufanya kazi za oda ataufahamu mara moja.

Anza kwa kuifuata oda moja

Usianze na orodha ya idara wala ya vyeo. Chukua oda moja iliyokamilika hivi karibuni, na uifuate kwa kalamu na karatasi tangu mteja alipotoa malipo ya awali hadi sofa ilipopakiwa kwenye kirikuu kwenda kwake. Katika kila hatua andika mambo mawili: muda ambao mtu alikuwa ameishika kazi hiyo mikononi, na muda ambao kazi ilikuwa inasubiri. Waulize mafundi wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na uwaulize kwa heshima, kwa maana wanachokijua kuhusu biashara yako ni kikubwa kuliko kilichomo kwenye daftari.

Katika karakana yetu, seremala hutumia siku moja kutengeneza kiunzi cha mbao, ambacho mafundi wengi hukiita fremu. Fundi wa kitambaa hutumia siku mbili kuweka sponji, kukata kitambaa, kukishona na kukivalisha. Kupiga vanishi miguu, kukaguliwa na kupakiwa huchukua kama siku moja nyingine. Jumla ni siku nne za kazi. Mteja, hata hivyo, alisubiri wiki sita, yaani siku 36 za kazi kwa watu wanaopumzika Jumapili. Kwa hiyo siku 32 sofa ile haikuwa ikitengenezwa na mtu yeyote. Mwenye karakana anayewahimiza mafundi waongeze kasi anashughulika na zile siku nne, hali tatizo lake liko kwenye siku 32.

Jambo hili hustaajabisha watu wanapoliona kwa mara ya kwanza, na ndiyo sababu ninasisitiza lifanywe kwa oda halisi yenye tarehe, si kwa kukisia. Mtu akikisia huhesabu kazi na kusahau kusubiri, kwa kuwa kusubiri hakuna anayekuona wala kukulalamikia ndani ya karakana. Anayekuona ni mteja peke yake.

Hesabu vinavyokaa

Hatua ya pili ni kuhesabu vitu vyote vilivyokaa, kwa siku na saa ileile kila wiki. Jumamosi jioni kabla ya kufunga inafaa. Vitu vinavyokaa ni vya aina tatu: kazi ambazo hazijakamilika, mali iliyopo stoo, na fedha, pamoja na unazodai na unazodaiwa. Vitu vinavyopita, kama mauzo ya siku, matumizi na oda mpya, ndivyo ambavyo watu wengi huviandika. Vinavyokaa havina mazoea ya kuandikwa, ilhali ndivyo vinavyoeleza hali ya mfumo ilivyo, kwa kuwa kinachokaa ni kumbukumbu ya yote yaliyoingia bila kutoka.

Tuseme karakana yetu ina seti 18 mkononi, na hukamilisha seti 3 kwa wiki. Hapo kuna hesabu moja ambayo kila mwenye kazi za oda anapaswa kuijua. Msomi wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa kazi zilizomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kukamilisha ikizidishwa na muda ambao kila kazi hukaa humo. Igeuze, nawe utapata muda wa mteja kusubiri: seti 18 ukigawa kwa 3 kwa wiki ni wiki 6. Mwenye karakana akimwahidi mteja wiki 3 huku ana seti 18 mkononi, ahadi hiyo haiwezi kutimia kwa bidii wala kwa maombi, isipokuwa kwa kumcheleweshea mwingine. Ahadi ya wiki 3 inamtaka awe na seti zisizozidi 9 mkononi, au aongeze kasi hadi seti 6 kwa wiki. Njia ya tatu haipo.

Sasa tazama zile seti 18 zimekaa wapi. Viunzi 11 vimekamilika na vimepangwa nje vimefunikwa kwa turubai, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Mvua za masika zikipiga, vile vya chini huloa miguu na mbao hupinda. Seti 1 iko kwa fundi wa kitambaa. Seti 2 ziko kwa maseremala. Seti 4 wateja wamelipa malipo ya awali lakini hata mbao hazijanunuliwa. Rundo lile la viunzi chini ya turubai linaonyesha mahali pembamba pa mfumo: maseremala wawili wana uwezo wa kutengeneza viunzi 12 kwa wiki, na fundi wa kitambaa ni mmoja, anayemaliza seti 3. Kasi ya karakana nzima ni kasi ya fundi huyo. Ukiongeza seremala wa tatu utaongeza rundo, na sofa zitakazotoka zitabaki 3.

Kwa nini, basi, maseremala wanaendelea kutengeneza viunzi visivyohitajika? Kwa sababu wanalipwa kwa kipande, shilingi 80,000 kwa kila kiunzi, na mtu anayelipwa kwa kipande akikaa bila kazi familia yake haili. Wanafanya hasa kile ambacho utaratibu wa malipo unawataka wafanye. Hapa ndipo kusoma biashara kama mfumo kunapotenda haki: tabia ambayo kwa haraka ungeiita ukaidi au uroho huonekana kuwa jibu la kawaida kwa sheria uliyoiweka wewe. Ukibadilisha malipo, kwa mfano ukagawa 80,000 hizo katika sehemu mbili, moja kiunzi kinapokamilika na nyingine sofa inapotoka, seremala mwenyewe ataanza kumuuliza fundi wa kitambaa amekwama wapi, na huenda akajitolea kumkatia sponji.

Fuata fedha kwa njia ileile

Hapa pana jambo zito zaidi, nami nitalieleza kwa tarakimu kwa sababu bila tarakimu halionekani.

Seti moja inauzwa shilingi 1,200,000. Mteja hulipa nusu, yaani 600,000, anapoagiza, na nusu nyingine anapokabidhiwa. Mbao na misumari hugharimu 300,000, sponji na kitambaa 400,000, seremala 80,000 na fundi wa kitambaa 120,000. Jumla ya gharama ni 900,000, na kinachobaki kabla ya kodi ya eneo, umeme na mengineyo ni 300,000. Biashara hii kwenye karatasi ina faida nzuri.

Malipo ya awali ya 600,000 hayatoshi gharama ya 900,000. Kwa kila sofa linakuwepo pengo la 300,000 ambalo lazima lizibwe kabla mteja hajalipa sehemu ya pili. Mwenye mtaji wake analiziba kwa mtaji. Asiye na mtaji analiziba kwa malipo ya awali ya mteja anayefuata, na hilo lenyewe si dhambi, ilimradi fedha hiyo irudishwe sofa inapokabidhiwa. Tatizo hutokea siku ya makabidhiano. Mteja anatoa 600,000 taslimu au kwa simu, na mwenye karakana anaiona kuwa ni hela yake yote, wakati 300,000 kati yake ni ya mtu mwingine ambaye kiunzi chake kiko chini ya turubai. Akiitumia yote, hata kwa jambo la lazima kama ada ya mtoto, amechota kwenye sofa ambayo bado haijashonwa.

Fanya ukaguzi huu kwenye biashara yako mwenyewe. Kwa kila kazi iliyo mkononi, chukua malipo ya awali, toa kilichokwisha kutumika juu yake, na uandike kinachopaswa kuwa kimebaki. Katika karakana yetu, kila kiunzi kilichokamilika kimetumia 380,000, kwa hiyo kinapaswa kuwa na 220,000 kwenye sanduku. Viunzi 11 ni 2,420,000. Seti 4 ambazo hazijaanza zinapaswa kuwa na 600,000 kila moja, yaani 2,400,000. Zile 2 zilizoko kwa maseremala zimekwisha kununuliwa mbao tu, kwa hiyo zinapaswa kuwa na 300,000 kila moja, yaani 600,000. Ile iliyoko kwa fundi wa kitambaa haina kitu. Jumla inayopaswa kuwepo ni 5,420,000. Iliyopo ni 700,000. Pungufu ni 4,720,000, sawa na yale mapengo ya 300,000 ya seti kama 16 zilizokwisha kutoka, na kama karakana hii ingekuwa yako ungeweza kukaa miaka ukimshuku mtunza fedha.

Hesabu hii ina uchungu, lakini inaonyesha pia mlango wa kutokea. Kila sofa ambayo kiunzi chake kimekamilika inahitaji 520,000 ili imalizwe, na ikitoka inaleta 600,000. Kwa hiyo 700,000 iliyopo inatosha kuanza: maliza moja, kabidhi, chukua hela yake umalize nyingine, na kila moja inaacha 80,000 juu. Njia hiyo inapita kwa sharti moja gumu, kwamba kwa wiki hizo mwenye karakana hachukui kitu kwenye sanduku kwa matumizi ya nyumbani, na hanunui mbao mpya hadi viunzi vilivyopo vipungue.

Chora mishale

Ukishajua vinavyokaa, chukua karatasi kubwa, andika kila kimoja ndani ya duara, kisha chora mshale kutoka kwenye kinachosababisha hadi kwenye kinachosababishwa. Usijali uzuri wa mchoro. Unachokitafuta ni mahali ambapo mishale inazunguka na kurudi ilikoanzia.

Katika karakana yetu mzunguko mkubwa unakwenda hivi. Sanduku likipungua, kitambaa hakinunuliwi. Kitambaa kisiponunuliwa, sofa hazitoki. Sofa zisipotoka, malipo ya pili hayaingii, na mwenye karakana anatafuta malipo mapya ya awali ili apate pumzi. Ili ayapate haraka anashusha bei kidogo au anaahidi wiki mbili badala ya tatu. Oda zinaongezeka, seti zilizo mkononi zinaongezeka, muda wa kusubiri unarefuka, na sanduku linazidi kuwa na deni. Huu ni mzunguko unaojikuza: kila ukizunguka unaifanya hali iwe mbaya zaidi ya mara iliyopita, ingawa kila hatua ndani yake ilionekana kuwa ya busara siku ilipochukuliwa. Mtu akiukatia mzunguko huu kwa mkopo wa kausha damu, ataupumzisha kwa siku chache na kuuongezea mshale mwingine, wa marejesho ya kila siku.

Kuna mzunguko wa pili, mdogo, ambao wengi hawauoni. Mteja aliyecheleweshewa anapiga simu. Mwenye karakana anamwamuru fundi wa kitambaa aiache sofa aliyoishika ashughulikie ya huyu anayepiga kelele. Fundi anakusanya vipande alivyokwisha kukata, anavikunja pembeni, anatafuta kitambaa kingine, anabadilisha rangi ya uzi kwenye cherehani. Nusu siku imepotea, na imepotea pale pembamba, mahali pekee ambapo nusu siku iliyopotea hairudi. Sofa zote zinazofuata zinasogea mbele kwa nusu siku, na wateja wawili zaidi wanapata sababu ya kupiga simu. Dawa yake ni rahisi kuitamka na ngumu kuishika: sofa ikiingia mezani kwa fundi wa kitambaa haiondoki mpaka imalizwe, na anayepokea simu asiwe na mamlaka ya kubadilisha foleni.

Mizunguko mingine hujituliza yenyewe, na hiyo ilindwe. Duka linaloagiza bidhaa pale tu stoo inaposhuka chini ya kiwango fulani lina mzunguko wa aina hiyo. Kikundi cha vikoba ambacho wanachama wake wanajuana na kuulizana kinao pia. Kabla ya kuondoa utaratibu wowote unaoonekana kukuchelewesha, uliza unazuia nini.

Tambua ucheleweshaji

Jambo linalowapotosha wenye biashara wazoefu kuliko yote ni muda kati ya uamuzi na matokeo yake. Katika miaka ya 1950, mameneja wa kampuni ya General Electric walishangazwa na viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky, Marekani, ambavyo kwa kipindi fulani vilifanya kazi kwa zamu tatu au nne, na baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Walidhani ni misukosuko ya uchumi. Jay Forrester, aliyekuwa mhandisi katika chuo cha MIT, aliwauliza wanaamuaje kuajiri na kuagiza, kisha akakaa na penseli na daftari akahesabu wiki baada ya wiki. Aligundua kwamba hata kama oda za wateja zisingebadilika kabisa, taratibu zao wenyewe zingetosha kuleta mawimbi yale.

Kariakoo huonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa unaoshikika. Shule zinafunguliwa Januari, na mwenye duka la rejareja Mbagala anayeuza sare huona wateja wameongezeka katika wiki za mwisho za Desemba. Alikuwa akichukua dazeni 5. Kwa kuogopa kuishiwa anaagiza 10. Muuzaji wa jumla, anayewahudumia wengi kama yeye pamoja na wateja wa Zambia na Kongo, anaona oda zimeongezeka mara mbili, naye anaongeza juu yake akiagiza kitambaa kutoka China, ambacho kitakaa baharini wiki kadhaa kabla ya kufika bandarini, kikifuatiwa na taratibu za forodha. Mzigo unapofika, shule zimekwisha kufunguliwa, na kila mmoja katika mnyororo huo ana stoo iliyojaa. Mwaka unaofuata, kwa kukumbuka hasara, wote wanaagiza kidogo, na sare zinaadimika. Wazazi kwa kiasi kikubwa hawakubadilika. Idadi ya watoto wanaoanza shule haipandi mara mbili kisha ikashuka nusu.

Ukiwa na duka, fanya mambo mawili kuhusu hili. Kwanza, andika kwa kila bidhaa kubwa siku zinazopita tangu unapoagiza hadi inapokuwa rafuni, na uhesabu wakati wa kuagiza mzigo ambao tayari uko njiani. Wengi huusahau kwa kuwa hawauoni, wakaagiza mara ya pili. Pili, muulize mwenzako wa mnyororo anauza kiasi gani kwa watumiaji, badala ya kutegemea oda yake peke yake. Muuzaji wa jumla anayepiga simu kwa wateja wake watano wa rejareja kila Ijumaa kuuliza wameuza dazeni ngapi ana taarifa bora kuliko anayehesabu oda. Mawinga wanaozunguka na wateja mtaani nao wanajua mengi ya aina hii, na ni haki kuwalipa kwa wanachokijua.

Weka mpaka, kisha angalia nje yake

Mchoro wako lazima uwe na mpaka, la sivyo hautaisha. Hata hivyo kuna vitu vilivyo nje ambavyo ni lazima uvichore kwa kuwa mishale yake inaingia moja kwa moja kwenye sanduku.

Kimojawapo ni kalenda ya kodi. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mtu kusajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, maarufu kama VAT, kimepandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200, na kiwango chake cha kawaida kwa Tanzania Bara ni asilimia 18. Karakana iliyosajiliwa ikiiuzia taasisi viti vya shilingi milioni 10 mwezi Machi na kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, inapaswa kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) na kulipa kodi ifikapo tarehe 20 Aprili, baada ya kuondoa kodi iliyolipia manunuzi yake. Taasisi ikilipa mwezi Juni, kodi imekwisha kutoka miezi miwili kabla ya hela kuingia. Hakuna aliyefanya kosa la kisheria hapo, lakini mauzo makubwa kwa mteja anayechelewa yamegeuka kuwa mkopo ambao wewe umeutoa. Kabla ya kufurahia zabuni, chora mshale huo na uandike siku juu yake.

Kingine ni kodi ya pango la fremu, hapa nikimaanisha chumba cha duka, ambayo katika mitaa mingi hudaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na ambayo ikiangukia Januari hukutana na ada za shule. Nyumba ya mwenye biashara imo ndani ya mfumo, hata kama vitabu vya hesabu vinaiweka nje. Kwa maoni yangu mchoro usioonyesha ada, matibabu na michango ya harusi na misiba ni mchoro wa biashara ya mtu asiyekuwepo. Jipangie kiasi maalumu cha kuchukua kila wiki, kiandike kama mshahara, na hapo mshale huo utakuwa na ukubwa unaojulikana.

Cha mwisho kati ya vitu vya nje ni mahali unapotegemea chanzo kimoja. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, wafanyabiashara wa eneo hilo walifunga maduka kwa siku kadhaa Mei 2023, na mwishoni mwa mwaka huohuo jiji lilikuwa kwenye mgao wa umeme. Kwa kila duara kwenye mchoro wako uliza: hiki kikikosekana wiki moja, nini kinasimama? Fundi wetu mmoja wa kitambaa akiugua, jibu ni kila kitu. Kumfundisha seremala mmoja kazi yake ni kinga na ni upanuzi wa pale pembamba kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ningeanza na hilo kabla ya kununua mashine yoyote.

Badilisha jambo moja, na usubiri muda wake

Mfumo changamani hauwezi kutabirika wote, kwa hiyo mchoro wako ni dhana inayotakiwa kujaribiwa. Chagua badiliko moja. Kabla ya kulifanya, andika kwenye daftari unatarajia nini kibadilike, kwa kiasi gani, na lini, na umwonyeshe mtu mwingine wa biasharani. Kwa karakana yetu badiliko la kwanza lingekuwa kutopokea malipo ya awali seti zikizidi 9 mkononi. Mteja mpya anaandikwa jina, anaambiwa wiki ambayo kazi yake itaanza, na analipa wiki hiyo inapofika. Tarajio ni kwamba muda wa kusubiri utashuka kutoka wiki 6 hadi 3. Baadhi ya wateja watakwenda kwa jirani, na hilo pia liandikwe kama tarajio, ili lisije likamtia mtu hofu akarudi nyuma siku ya kwanza.

Muda wa kungoja matokeo usipungue ule unaochukua kazi moja kupita ndani ya mfumo. Seti 18 haziwezi kuwa 9 kwa wiki moja: kwa kasi ya 3 kwa wiki, bila kuingiza mpya, ni wiki 3, na ndipo oda zinazoingia zitaanza kupita katika foleni fupi, kwa hiyo muda halisi wa kusubiri utaonekana vizuri baada ya wiki nyingine 3. Mwenye karakana anayeanza mwezi wa Machi asihukumu kabla ya katikati ya Aprili. Katika kipindi hicho hesabu ya Jumamosi iendelee bila kukosa, kazi, mali na fedha, kwenye ukurasa mmoja, na kila wiki ilinganishwe na kilichotarajiwa.

Matokeo yakitofautiana na tarajio, usilifute badiliko mara moja. Rudi kwenye mchoro, utafute mshale uliokosekana, na uwaulize wanaofanya kazi hiyo. Huenda fundi wa kitambaa anapoteza asubuhi mbili kila wiki akienda mwenyewe Kariakoo kununua kitambaa, jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza. Likichorwa, suluhisho ni kumtuma kijana mwingine akiwa na kipande cha sampuli na vipimo vilivyoandikwa, na siku hiyo ya fundi inarudi mezani. Badiliko la pili, ambalo kwa karakana hii lingekuwa kupandisha malipo ya awali kutoka 600,000 hadi 700,000 ili yatoshe vifaa vyote, lianze pale tu la kwanza litakapokuwa limeonyesha matokeo yake kwenye hesabu za Jumamosi, kwa sababu mawili yakianza pamoja hutajua ni lipi lililoleta nini.